Kaye ya Papa wa depo: usalama ambao hatukufundishwa

Ndugu wahitimu, na nyinyi wanafunzi ambao bado muko mu auditoire, leo naomba tuongee juu ya usalama. Ngojeni kwanza. Hapa kwetu Goma mtu akitaja neno hilo, kila mmoja anafikiria risasi, kizuizi barabarani, saa ya kurudi nyumbani. Tuko na sababu ya kufikiria vile. Lakini mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni mahindi na unga, na mwisho wa Januari 2025 nilikutana na usalama wa namna ingine, ambao sikuusikia hata siku moja kwa miaka yote ya licence. Siasa siweki hapa. Mwenye kutaka siasa, groupes za WhatsApp ziko mingi.

Darasani tulipewa maneno mawili ya Kifaransa: sécurité na sûreté. La kwanza ni mashine isimkate mfanyakazi kidole, chakula kisimdhuru mlaji. La pili ni mwizi asiingie, mwenye nia mbaya asiharibu. Kiswahili kinatumia neno moja tu, usalama, kwa yote mawili. Zamani nilikuwa naona lugha yetu imepungukiwa hapo. Leo naona Kiswahili kilikuwa sawa, na nitawaeleza kwa nini.

Ninafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha unga. Jina lake naliacha. Musifikirie kitu kikubwa: ni hangari moja, mashine mbili za kusaga za umeme, feni kubwa ya kukausha mahindi, mzani, na depo ya magunia. Wakati nilifika pale mwaka 2022, stoki yote ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja ambaye sisi wote tunamwita Papa wa depo. Alikuwa na daftari, kaye ya shule ya kurasa mia moja, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Gari ikiingia, anaandika tarehe, mahali mahindi yametoka, magunia ngapi. Kisha anachukua punje moja, anaiuma kwa meno. Ikivunjika kwa sauti, imekauka. Ikibonyea, bado mbichi. Ile mbichi anaichora gunia mistari miwili kwa makala ya kupikia. Ile kavu, mstari mmoja.

Mimi nilikuja na chombo cha kupima unyevu, na diplome yangu. Mwaka 2023 nikamshawishi bosi anunue tableti na programu ya kusimamia stoki. Kila mzigo ukapata nambari yake: umetoka kwa nani, unyevu kiasi gani, umelala upande gani wa depo. Habari zote zilikuwa zinaenda kwenye seva ya mbali, sikuwa hata najua iko nchi gani. Jioni nikiwa nyumbani niliweza kufungua simu na kuona kila gunia. Nilijisikia mtu wa wakati huu. Nikamwambia mzee: "Papa, sasa unaweza kupumzisha ile kaye." Akajibu: "Sawa, mwanangu." Na kesho yake akaendelea kuandika. Nilimwona. Sikusema kitu, juu ni mtu wa umri wa baba yangu, na nilifikiri ni mazoea ya uzee tu.

Sasa, kabla ya kufika kwenye Januari, nieleze kidogo namna vitu vyetu vimeunganika, juu hapo ndipo somo liko.

Sehemu kubwa ya umeme unaotumika mjini inatoka kaskazini, kwenye maji. Centrale ya Matebe, pale Rutshuru, ilizinduliwa Desemba 2015, ikiwa na uwezo wa megawati 13 na kitu. Umeme wake unashuka kwa waya, unapita Rutshuru na Nyiragongo mpaka unafika kwetu. Mbele ya hapo wenye mashine za kusaga wengi walikuwa wanatumia mazuti: kelele, moshi, na bei inayopanda kila wiki. Umeme ulipofika, tuliuza jenereta kubwa, tukabakisha kadogo ka kuwashia balbu. Hakuna mtu alisema ni makosa. Kwa hesabu ya kila siku, hayakuwa makosa.

Ile kontere ya umeme ni ya kulipia mbele. Unalipa kwa simu, unapata yuniti. Kwa hiyo ili mashine isage, simu lazima iwe na mtandao. Antena ya simu nayo inahitaji umeme. Mkulima wa Rutshuru tunamlipa kwa pesa ya simu, hapo tena mtandao. Programu ya stoki, tena mtandao. Maji ya Regideso yanavutwa kutoka ziwa Kivu kwa pompu, na pompu inahitaji umeme. Ukiuliza kila mtu kivyake, anakuambia: mimi niko na umeme, niko na maji, niko na pesa kwenye simu, niko na stoki. Anahesabu vitu vinne. Kumbe vyote vinne vimening'inia kwenye kamba moja, na kamba yenyewe inapita mahali ambapo hana funguo.

Na hatuwezi kusema hatukuonywa. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ikakata barabara ya Goma–Rutshuru na kuharibu bomba na tangi la maji, na watu mamia ya maelfu wakabaki bila maji ya robinet. Siku zile wote tulisema "tutajipanga." Barabara ikafunguliwa juu ya lava ikiwa bado na joto, maji yakarudi, na tukasahau. Mimi mwenyewe nilisahau, juu miaka miwili baadaye nilikuwa natoa mafundisho ya tableti.

Basi. Katika wiki ile ya mwisho wa Januari 2025 tulikuwa tumepokea mzigo wa mahindi kutoka Rutshuru, mavuno ya msimu wa kwanza, punje zimetoka shambani juzi tu. Nilipima: asilimia 18 ya unyevu. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2022, zinasema mahindi ya kuuzwa yasizidi 13.5. Hakuna shida, feni ipo. Tukamwaga mahindi, tukawasha feni. Ikazunguka usiku mmoja, na asubuhi umeme ukaondoka. Laini zilikuwa zimeharibiwa na mapigano. Maji yakafuata. Intaneti nayo ikapotea. Tarehe 27 M23 waliingia mjini. Banki zilikuwa zimefunga. Munakumbuka wenyewe zile foleni za bidoni kuelekea ziwani, chukudu zimepakia maji badala ya makala, na watu wa afya wanaogopa kolera.

Mimi sikutoka nyumbani siku sita. Siku ya saba nikafika kiwandani. Hangari ilikuwa salama, hakuna aliyeiba. Lakini vijana wetu, kwa kuogopa uporaji, walikuwa wameyarudisha yale mahindi mabichi ndani ya magunia na kuyapanga pamoja na makavu, ili ikibidi kuhamisha, wahamishe haraka. Walifikiria usalama wa mali. Usalama wa chakula haukuwa kichwani mwao, na mimi sikuwa nimewaeleza. Magunia 212, ya rangi moja, yamepangwa mpaka karibu na mabati.

Wale ambao si watu wa kilimo, nielezeni hivi: mahindi yenye unyevu yakifungwa kwenye gunia bila hewa yanapumua, yanatoa joto na maji, na kuvu inapata makao. Kuko kuvu moja, Aspergillus flavus, inayotengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haina ladha. Ukipika bugali saa nzima, haifi. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka, ini linaharibika na kansa inaweza kuja. Akila mingi kwa wakati mmoja, anaweza kufa. Kenya, mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 walipatwa na 125 wakafariki, kwa mahindi ya nyumbani yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Siku hiyo mbele ya magunia yetu nilikuwa na ile hesabu kichwani, 125.

Nikachukua tableti. Betri imekufa. Jirani mwenye panneau solaire akanisaidia, nikasubiri saa mbili, ikawaka. Nikafungua programu. Ikaandika: hakuna muunganisho. Orodha yote, nambari zote, ule unyevu niliopima kwa uangalifu, vilikuwa kwenye seva kule mbali. Kwenye tableti yenyewe hakukuwa na kitu. Na kwenye gunia nilikuwa nimeandika nambari tu, bila maelezo mengine. Gunia linaniambia "L-0417", na mimi sijui L-0417 ni kavu au mbichi.

Nje kwenye geti wamama walikuwa wamekwisha kusikia kwamba sisi tuko na mahindi. Ishirini kwanza, kisha hamsini. Bosi akanijia: "Agronomu, fungua. Watu wako na njaa, na mimi niko na deni." Sitaki mumwone bosi kama mtu mbaya. Kwa habari ya njaa alisema kweli. Sokoni bei ilikuwa imepanda, na hata mwenye pesa kwenye simu alikuwa hawezi kuitoa bila kukatwa sehemu. Nikamwambia: "Bosi, ngoja nijue kwanza ni gani." Akasema: "Si uko na tableti?"

Pale Papa wa depo akatoa kaye ndani ya koti. Hakusema neno. Akalowesha kidole, akafungua ukurasa wa mwisho: tarehe, Rutshuru, magunia 64, mbichi, mistari miwili.

Tulitafuta mistari miwili gunia kwa gunia. Mingine makala ilikuwa imefutika nusu, tukawa tunainua gunia kwenye mwanga. Tukapata 61. Matatu yaliyobaki tuliyapata kwa mkono: unaingiza mkono katikati ya gunia, kama ndani kuna joto, ni lile. Yale makavu 148 tukaanza kuuza mchana ule ule, punje zikiwa nzima, juu mashine zetu zilikuwa hazina umeme. Wamama walienda kusagisha kwa mzee mmoja mtaa wa pili ambaye tulikuwa tunamcheka kwa kubakia na mashine yake ya mazuti.

Yabaki yale 64. Tuliyamwaga juani juu ya mashiti. Magunia 29 hayakuwa na harufu, tukayachambua punje kwa punje, tukatoa zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Kuchambua kwa mkono kunapunguza sumu sana, lakini hakuiondoi yote. Yale 35 mengine yalikuwa na rangi ya kijani-kijivu na harufu ya udongo uliofungiwa. Bosi akasema basi tuwape wafuga kuku. Nikamweleza kwamba sumu ile inamdhuru kuku, inaweza kuingia hata kwenye yai, na ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa. Akauliza: "Na hasara, nani atailipa?" Sikuwa na jibu.

Kuchimba shimo Goma munajua ni kazi gani, chini yote ni jiwe la volkano. Tukayachoma nyuma ya hangari. Moshi ulipanda, na wamama waliokuwa bado kwenye geti waliona. Mmoja akapaza sauti: "Munachoma chakula na watoto wanalala njaa!" Nilienda kumweleza. Nikasema sumu, nikasema ini, nikasema Kenya. Hakunisikiliza, na mimi nikiwa mahali pake nisingesikiliza. Sikuwa na karatasi ya laboratoire, sikuwa na kipimo cha sumu, nilikuwa na macho na pua, na kaye ya mzee. Inawezekana ndani ya yale 35 kulikuwa na magunia mazuri. Yale 29 tuliyouza baadaye, sumu yake sikuwahi kuipima, na kuna usiku yananiamsha.

Baada ya mambo kutulia kidogo na mtandao kurudi, nilianza kusoma. Nilitaka kujua kama ni sisi tu tumekuwa wajinga. Nikakuta wakubwa nao walianguka kwenye shimo lile lile, wengine bila bomu hata moja.

Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015. Wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za makampuni matatu ya kugawa umeme. Wafanyakazi walikaa mbele ya skrini wakiona mshale wa panya unatembea wenyewe na kufungua swichi moja baada ya ingine. Wateja kama 225,000 wakaingia gizani wakati wa baridi. Sasa munajua umeme ulirudi namna gani? Watu walipanda magari, wakaenda mpaka kwenye vituo, wakarudisha swichi kwa mkono. Ndani ya saa chache, sita hivi kwa waliochelewa zaidi, umeme ukawa umerudi. Mitambo yao ilikuwa bado na vyuma vya kushika kwa mkono, na watu wanaojua kuvishika. Wataalamu waliochunguza walisema wazi kwamba penye mitambo inayotegemea kompyuta zaidi, kurudi kungekuwa kugumu zaidi.

Ya pili ni ile ninayoipenda, juu inatuhusu sisi Waafrika. Juni 2017, virusi vya kompyuta vilivyopewa jina NotPetya vilianzia kwenye programu ya hesabu inayotumika Ukraine, vikatoka nje ya mipaka, vikaingia Maersk, kampuni ya Denmark iliyokuwa inabeba karibu moja ya tano ya makontena ya dunia. Kwa muda mfupi kompyuta zao zikafa. Kwenye bandari malori yakapanga foleni, hakuna aliyejua kontena gani ni ya nani. Maersk walikuwa na seva kama 150 zinazoshika orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, bila hizo huwezi kujenga upya mtandao. Kila seva ilikuwa inanakili ingine, na wao walihesabu hiyo ndiyo akiba. Virusi vikafuta zote kwa pamoja. Ikabaki moja tu, Ghana. Kwa nini? Umeme ulikuwa umekatika Ghana, seva ikawa haiko kwenye mtandao wakati virusi vinapita. Mtandao wa pale ulikuwa mdogo, habari hazikuweza kutumwa kwa haraka. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Basi akapanda ndege mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake ile diski kwenye uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London. Kampuni ilihesabu hasara ya karibu dola milioni 300. Délestage ya Ghana ndiyo iliwaokoa! Nilicheka peke yangu, kisha nikamfikiria Papa wa depo na kaye yake ndani ya koti.

Julai 2021 ikawa zamu ya Transnet, kampuni ya serikali ya Afrika Kusini inayoendesha bandari na reli. Shambulio la kompyuta likasimamisha kazi ya makontena, Durban nayo ikiwemo, bandari ambayo shaba na kobalti ya ndugu zetu wa Katanga inapitia. Walirudi kuandika kwa mkono.

Kwa hiyo sababu ziko tofauti: kwetu ni vita, 2021 ilikuwa volkano, Ukraine wadukuzi, Ghana délestage. Mahindi hayaulizi ni sababu gani imesimamisha feni. Mdukuzi akizima feni na bomu likakata waya, kuvu inaota namna moja, na mtoto anayekula anapata sumu ileile. Ndiyo maana nilisema Kiswahili kiko sawa na neno lake moja. Shuleni wanatugawa: huyu wa informatique, huyu wa afya, huyu wa agronomia. Mtu wa informatique anaulizwa kama neno la siri ni gumu. Mtu wa agronomia anaulizwa unyevu. Hakuna anayeulizwa: mtandao ukifa saa nane usiku, nani atajua gunia gani lina kuvu?

Na neno la siri lenyewe tusilidharau. Kwetu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyuma ya tableti. Kijana aliyeacha kazi mwaka mmoja mbele alikuwa bado anaweza kufungua stoki yetu kwenye simu yake. Nilikuja kugundua wakati ananiambia, kwa utani, kwamba tumeuza vizuri mwezi huo. Alikuwa mtu mwema. Kama angekuwa na chuki na bosi, angeweza kubadilisha asilimia 18 kuwa 13, na mimi ningepeleka mzigo mbichi kwenye mashine nikiamini skrini. Hapo angekuwa ameua watu bila kuingia hata getini.

Mutaniambia: basi turudi kwenye kaye, tuache teknolojia. Hapana, sisemi hivyo. Kaye nayo inaweza kuungua, kulowa, au kudanganya. Sisi wa Kivu tunajua karatasi inadanganya namna gani, tuangalie madini tu. Lebo za mfumo wa ITSCI, zenye nambari, zinafungwa kwenye magunia ya koltan na kasiteriti ili mnunuzi wa mbali ajue yametoka kwenye shimo lililokubaliwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likisema kwamba madini ya machimbo yasiyoruhusiwa yalikuwa yanapewa lebo hizo. ITSCI wakakataa tuhuma. Mimi si mwamuzi wao. Ninachojua kutoka depo ni kwamba nambari iliyofungwa kwenye gunia inasema kile alichotaka yule aliyeifunga. Mistari ya Papa ilikuwa na nguvu juu yeye mwenyewe aliuma ile punje, na gunia alilichora siku ileile, mbele ya wengine.

Sasa tuko hivi. Tableti inafanya kazi. Tumechagua programu inayoshika nakala ndani ya tableti yenyewe na kutuma kwenye seva mtandao ukirudi. Kila mtu ana neno lake la siri, na anayeacha kazi linafutwa siku hiyo. Kila jioni kijana mmoja anaandika kwenye kaye mizigo ya siku, mistari minne au mitano tu, haimchukui dakika kumi. Gunia linaandikwa unyevu na tarehe, kwa rangi isiyofutika, pamoja na mistari ya Papa, juu siyo kila mbeba mzigo anasoma, lakini mistari kila mtu anaihesabu. Mahindi mabichi yana kona yake, na hata tukikimbia hayaruhusiwi kupanda juu ya makavu. Bosi alikubali kununua mashiti meusi ya kuanikia. Jenereta kubwa alikataa, na hesabu yake naielewa.

Tena tumeanza kitu kimoja ambacho vijana wanakiita "siku ya giza." Jumamosi moja kwa mwezi tunazima umeme kwenye tableau, tunaweka simu zote ndani ya ndoo, na tunapokea mzigo kama kawaida. Papa anasimama pembeni na kaye anaandika kitu gani kimetushinda. Mimi nilikuwa na hakika kwamba tutakwama kwenye hesabu za malipo. Siku ya kwanza gari liliingia, tukashusha magunia, vijana wakayapeleka kwenye mzani, na kila mtu akabaki anaangalia mwenzake: mzani wetu ni wa elektroniki. Hakuna hata mmoja, na mimi nikiwemo, aliyekuwa amefikiria. Papa akaandika, kisha akamtuma mtoto kwa mama mmoja wa sokoni kuomba ule mzani wa zamani wa kuning'iniza. Mama akasema atatupa, lakini kwa franga elfu mbili kwa siku.